Vifaa Visivyokula Umeme Ovyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sera za Ufanisi wa Nishati

Maswali haya hujirudia kila panapozungumzwa viwango na vibandiko vya nishati. Huulizwa na watunga sera, waagizaji wa bidhaa, na mtu wa kawaida aliyesimama mbele ya friji mbili zinazofanana. Yenye utata nimeyajibu kwa urefu. Mengine yana jibu la mistari michache tu.

Kifaa chenye ufanisi wa nishati ni kipi hasa?

Ni kile kinachofanya kazi ileile kwa umeme kidogo zaidi. Shika hayo maneno "kazi ileile". Feni iliyozimwa haili umeme hata chembe, lakini pia haipepei mtu. Huko ni kujinyima, na kujinyima hakuhitaji sera.

Chukua balbu ya kizamani, ile yenye uzi unaowaka ndani. Ya wati 60 hutoa mwanga wa lumeni kama 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Balbu ya LED hutoa mwanga uleule kwa wati 8 au 9. Ukiziwasha saa tano kila siku, kwa mwaka mmoja ya kwanza itakuwa imekula karibu uniti 110 na ya pili uniti 16 hivi (uniti moja ni kilowati-saa moja). Macho hayaoni tofauti, ila mita inaiona. Ukitaka kujua umeme uliozidi ulikwenda wapi, sogeza kiganja karibu na ile ya kizamani.

Kama ni vizuri hivyo, mbona havijiuzi vyenyewe?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuuza friji. Uzuri wa friji yenye ufanisi umefichika: uko kwenye unene wa povu lililojazwa ndani ya kuta zake, kwenye kompresa iliyo nyuma, kwenye mpira wa mlango unaobana sawasawa. Dukani friji zote mbili ni nyeupe, zote zina taa ndani, na moja ni rahisi kuliko nyingine. Mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajawahi kulifungua gunia.

Ukweli ni kwamba kila kifaa kina bei mbili. Ya kwanza unailipa mara moja unapokinunua. Ya pili unailipa kidogo kidogo kwa miaka kumi au kumi na mitano, ikiwa imechanganyika na umeme wa taa, pasi na televisheni, na hakuna bili inayokuandikia kwamba kiasi hiki ni cha friji. Karibu sera zote utakazozisoma hapa chini ni jitihada za kuileta bei ya pili mezani wakati ile ya kwanza bado inajadiliwa.

Halafu kuna suala la mwenye nyumba na mpangaji. Anayenunua kiyoyozi ni mwenye nyumba, anayelipia umeme ni mpangaji. Kwa nini mwenye nyumba aongeze fedha ili kumpunguzia mwingine bili? Maofisini mambo ni yaleyale: idara ya ununuzi inasifiwa kwa kupata mashine za bei ya chini, na gharama za kuziendesha zinaangukia fungu la idara nyingine kabisa.

Tena kuna ufinyu wa mfuko. Mwaka 1979 mwanauchumi wa Marekani Jerry Hausman alichunguza namna familia zilivyochagua viyoyozi. Aliona kwamba zilitenda kana kwamba kila fedha ya ziada iliyowekwa kwenye kiyoyozi bora ni lazima irudishe faida ya karibu asilimia 20 kwa mwaka, la sivyo haina maana. Kwa familia za kipato cha chini kiwango hicho kilikuwa juu zaidi. Wapo wanaouita huo ujinga wa wanunuzi. Mimi siuoni hivyo: mwenye fedha ya friji moja tu mkononi hawezi kwenda kukopa kwenye bili yake ya miaka kumi ijayo.

Serikali ina nyenzo gani?

Inaweza kupiga marufuku vifaa vibovu kupindukia kwa kuweka kiwango cha chini cha ufanisi. Inaweza kulazimisha kila kifaa kibandikwe maelezo ya matumizi yake. Inaweza kutoa ruzuku au kupunguza kodi. Inaweza kutumia mfuko wake yenyewe, maana serikali ni mnunuzi mkubwa wa taa, kompyuta na viyoyozi. Na inaweza kupima, yaani kuchukua kifaa sokoni na kukipeleka maabara kuona kama kinachosemwa ni kweli.

Nyenzo hizi hazina uzito sawa. Ningeambiwa nichague mbili tu, ningechukua kiwango cha chini na maabara. Kampeni za redio na mabango ya "okoa umeme" ningeziacha mwisho kabisa, ingawa ndizo zinazopendwa kuzinduliwa mbele ya kamera.

Kiwango cha chini si kumnyima mnunuzi uhuru wa kuchagua?

Pingamizi hili ni la haki na lijibiwe kwa mfano wenye umri wa kutosha kupimwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, friji ya kawaida ya Marekani ilikuwa ikila takriban uniti 1,800 kwa mwaka. Watengenezaji walikuwa wakishindana kwa ukubwa, kwa urembo na kwa bei ya dukani, na njia nyepesi ya kupunguza bei ilikuwa kupunguza povu la kuzuia joto na kufunga mota hafifu. Mwaka 1974 jimbo la California lilitunga sheria iliyounda tume yake ya nishati, na mwaka 1976 tume hiyo ikapitisha viwango vya friji. Mwanafizikia Arthur Rosenfeld alikuwa miongoni mwa waliopiga hesabu kuonyesha kwamba friji bora zingeliondolea jimbo haja ya kujenga sehemu ya mitambo ya umeme iliyokuwa ikipangwa.

Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Majimbo mengine nayo yalianza kutunga viwango vyake, kila moja kivyake, na watengenezaji wakajikuta wakitengeneza friji tofauti kwa kila mpaka. Waliokuwa wakilalamikia kanuni wakakaa meza moja na watetezi wa mazingira wakaomba sheria moja ya nchi nzima. Rais Ronald Reagan, ambaye hakuwa mtu wa kupenda kanuni, aliitia saini mwaka 1987. Viwango vikaendelea kukazwa, na leo friji ya huko inatumia karibu robo ya umeme wa ile ya miaka ya sabini, huku ikiwa kubwa zaidi kwa ndani na bei yake halisi ikiwa imeshuka.

Kwa hiyo uhuru gani ulipotea? Mnunuzi alipoteza nafasi ya kununua friji yenye kuta nyembamba ambazo hakuwa na njia ya kuziona. Naona hasara hiyo inavumilika.

Kiwango hicho hupangwaje? Mtu anakaa tu na kutaja namba?

Ziko njia mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni hesabu ya gharama ya maisha yote: wahandisi wanakivunjavunja kifaa, wanakadiria kila nyongeza (povu nene, feni bora, kompresa inayobadili kasi) inaongeza kiasi gani kwenye bei ya kwanza na inapunguza kiasi gani kwenye ya pili, kisha wanatafuta mahali ambapo jumla ya bei hizo mbili ni ndogo kabisa. Marekani na Umoja wa Ulaya hufanya hivyo.

Ya pili ni ya Wajapani, na binafsi naipenda kwa ujanja wake. Mwaka 1998 walirekebisha sheria yao ya nishati na mwaka uliofuata wakaanza mpango uitwao Top Runner. Hutafutwa kifaa bora kilichopo sokoni tayari, na hicho ndicho kinachokuwa shabaha ya kila mtu baada ya miaka kadhaa. Tena kampuni haipimwi kwa kifaa kimojakimoja, inapimwa kwa wastani wa vifaa vyote inavyouza katika kundi husika. Inaweza kuendelea kuuza kifaa dhaifu, ili mradi iuze vingine vizuri vya kufidia. Asiyefika hutajwa hadharani, na kwa kampuni ya Kijapani kutajwa hivyo si jambo dogo. Mtu hawezi kudai kwamba shabaha haiwezekani wakati jirani yake ameshaifikia.

Nchi inayoiga njia hii ikumbuke kwamba inategemea sana aibu. Pale ambapo mfanyabiashara hana haya, itahitajika faini.

Kibandiko cha nishati kinasomwaje?

Kuna familia mbili kubwa. Moja hutumia nyota, na nyota zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Majimbo ya New South Wales na Victoria huko Australia yalianza mwaka 1986, na India ikachukua mtindo huo mwaka 2006. Nyingine hutumia herufi na rangi, kijani juu na nyekundu chini. Huo ni mtindo wa Umoja wa Ulaya ulioanzia kwenye sheria ya mwaka 1992.

Hadithi ya herufi za Ulaya inafaa kusimuliwa kwa sababu inaonyesha jinsi kibandiko kizuri kinavyoweza kuzeeka. Ngazi ilikuwa A hadi G. Watengenezaji waliitikia, vifaa vikawa bora, na baada ya miaka michache karibu kila friji ikawa A. Badala ya kuisogeza ngazi, wakubwa waliongeza vidaraja juu yake: A+, kisha A++, hatimaye A+++. Matokeo yake friji yenye A+, ambayo sikioni inasikika kama mwanafunzi aliyeongoza darasa, ilikuwa miongoni mwa dhaifu kabisa zilizoruhusiwa kuuzwa. Tarehe 1 Machi 2021 wakafuta alama zote za kujumlisha na kurudi A hadi G, safari hii wakiiacha A ikiwa karibu tupu kwa makusudi ili teknolojia ya kesho ipate mahali pa kukaa. Wenye maduka walipata kazi ya kuwaeleza wateja kwa nini friji ya A+++ ya jana leo ni C au D, na haikuwa kazi ya kupendeza.

Somo kwa anayebuni kibandiko leo: weka tarehe ya kuisogeza ngazi ndani ya sheria yenyewe, kabla hujachapisha cha kwanza.

Na tahadhari moja kwa msomaji. Herufi au nyota hulinganisha vifaa vya ukubwa na aina moja. Friji kubwa ya nyota tano inaweza kula umeme mwingi kuliko ndogo ya nyota tatu. Ndiyo maana chini ya kibandiko huandikwa pia uniti kwa mwaka. Namba hiyo haipendezi kama nyota, lakini ndiyo inayokwenda kwenye mita.

Nani anahakikisha kwamba kibandiko hakidanganyi?

Hapa ndipo sera nyingi zinapolegea. Kuchapisha kibandiko ni rahisi. Kununua friji kumi kutoka dukani bila mtengenezaji kujua, kuziweka kwenye chumba chenye joto linalodhibitiwa, kuzipima kwa siku kadhaa na kisha kuthubutu kuyatangaza majibu, hilo linahitaji fedha, wataalamu na moyo. Bila hayo kibandiko ni karatasi yenye rangi, na mwaminifu anapata hasara kwa sababu anashindana na mwongo aliyebandika nyota zilezile.

Nchi isiyo na maabara yake inaweza kutumia ya jirani au kukubali vyeti vya maabara zinazotambulika kimataifa. Lakini cheti kinaonyesha sampuli iliyopelekwa kupimwa, ambayo huenda ilichaguliwa kama bibi harusi. Upimaji wa kushtukiza wa bidhaa zilizo madukani hauna mbadala.

Kuna na udanganyifu usiovunja sheria, ambapo kipimo chenyewe hakifanani na maisha. Mashine za kufyonza vumbi barani Ulaya zilikuwa zikipimwa mfuko ukiwa mtupu. Kampuni ya Dyson ilikwenda mahakamani ikidai kwamba mashine hutumika ikiwa na vumbi ndani, na kwamba kuipima tupu kunawapotosha wanunuzi. Novemba 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubaliana nayo na kanuni nzima ya kibandiko cha mashine hizo ikabatilishwa.

Wati nyingi si ndiyo nguvu?

Hapana. Wati ni kile kifaa kinachokula, na mlaji mkubwa si lazima awe mchapakazi. Mashine hizohizo za vumbi zilikuwa zikitangazwa kwa fahari ya wati 2,000 na zaidi. Ulaya iliweka ukomo wa wati 1,600 mwaka 2014 na kuushusha hadi 900 mwaka 2017. Magazeti yaliomboleza; zulia zikaendelea kufyonzwa.

Sera hizi hazitapandisha bei na kumwumiza mwenye kipato kidogo?

Zinaweza, kama zimepangwa vibaya. Kiwango kinachokurupuka, kikatangazwa leo na kuanza kesho, kitafanya waagizaji wachache waliojiandaa waamue bei. Kiwango kinachotangazwa miaka miwili mitatu kabla huwapa viwanda muda wa kubadili mitambo, na uzalishaji ukishakuwa wa wingi gharama hushuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa friji niliyoieleza juu.

Mfano wa kasi zaidi ni balbu za LED nchini India. Kampuni ya serikali EESL haikutoa ruzuku. Ilikusanya mahitaji ya nchi nzima, ikatangaza zabuni za mamilioni ya balbu kwa mpigo, ikarudia tena na tena, na kila zabuni bei ilishuka. Kati ya mwaka 2014 na miaka mitatu hivi baadaye bei ya ununuzi ilishuka hadi chini ya sehemu moja ya saba ya ile ya mwanzo. Mpango huo wa balbu, uliozinduliwa mwaka 2015 kwa jina la UJALA, umegawa zaidi ya balbu milioni 360. Mteja aliyekosa fedha taslimu aliweza kulipa kidogo kidogo kupitia bili yake ya umeme, njia ambayo inaligusa lile tatizo la mfuko mfinyu moja kwa moja: akiba inalipia balbu iliyoileta.

Basi kwa nini serikali isitoe tu ruzuku kwa kila anayebadilisha kifaa cha zamani?

Mexico ilijaribu kwa ukubwa wa kutosha kutufundisha sisi wengine. Kati ya mwaka 2009 na 2012 kaya milioni 1.9 zilisaidiwa kubadilisha friji na viyoyozi vikuukuu. Wachumi watatu, Davis, Fuchs na Gertler, walizipitia bili za umeme za wateja wa nchi hiyo kabla na baada. Friji mpya zilipunguza matumizi ya kaya kwa asilimia 8, ambayo ni kama robo tu ya kilichokuwa kimetabiriwa. Kwa viyoyozi ikawa kioja: matumizi yaliongezeka.

Ukifikiri kidogo, si ajabu. Kiyoyozi kikuukuu kinachopiga kelele huwashwa kwa shida. Kipya, kimya na chenye gharama ndogo kwa saa, huwashwa mchana kutwa. Friji mpya nazo zilikuwa kubwa zaidi na zenye mbwembwe nyingi, na baadhi ya zilizorudishwa hazikuwa za zamani kiasi kilichodhaniwa.

Ruzuku ina mahali pake: kuingiza teknolojia mpya kabisa, au kumfikia asiyeweza kununua. Lakini iwekewe masharti ya ukubwa na umri, na kile cha zamani kivunjwe kweli. Kikibaki kinauzwa mtaa wa pili, serikali itakuwa imelipia friji mbili.

Na vifaa vya mtumba?

Ghana ni mfano wa kutazama. Kanuni ya mwaka 2008 ilipiga marufuku kuingiza friji na viyoyozi vilivyokwisha kutumika, na utekelezaji wake ulianza mwaka 2013. Nyingi kati ya friji hizo zilikuwa zile ambazo nchi zenye viwango vikali zimeshazitupa. Huo ndio upande wa sera hizi usiosemwa sana: nchi moja ikikaza kiwango bila nyingine kufanya hivyo, vilivyokataliwa havifi, vinasafiri. Na havisafiri vya mtumba tu. Hata vipya vilivyoshindwa kufikia kiwango cha soko moja hutafutiwa soko lisilo na kiwango.

Kuzuia mtumba kunaumiza mafundi na wafanyabiashara wanaouishi, kwa hiyo muda wa mpito na njia ya malipo ya polepole kwa vifaa vipya ni sehemu ya sera yenyewe.

Nchi yetu haitengenezi friji hata moja. Tuna sauti gani?

Mpo mpakani, na mpaka ni mahali pazuri pa kukagua. Tumieni njia za upimaji za kimataifa badala ya kubuni zenu, maana kipimo cha pekee yake humlazimisha mtengenezaji apime upya kwa ajili ya soko dogo, naye atapandisha bei au atawakimbia. Patanisheni viwango na majirani, ili bidhaa iliyokataliwa bandari moja isiingilie nyingine.

Mbona mnaongelea friji na balbu tu? Viwanda je?

Lawama nimeipokea. Mota za umeme, zile zinazozungusha pampu, feni kubwa, kompresa na mikanda ya viwandani, hutumia karibu nusu ya umeme wote duniani. Hazina mvuto kwa mwananchi, hazina kibandiko cha rangi, na zimefungwa kwenye vyumba vya mashine. Lakini humo ndimo ile bei ya pili inapotisha. Mota ya kilowati 11 inayofanya kazi saa 4,000 kwa mwaka hula zaidi ya uniti 44,000. Umeme wa miezi michache unatosha kuipita bei iliyonunuliwa.

Kuna ngazi ya kimataifa ya madaraja, kuanzia IE1 kwenda juu, namba kubwa ikiwa bora. Umoja wa Ulaya unadai IE3 kwa mota nyingi tangu Julai 2021, na IE4 kwa baadhi ya kubwa tangu Julai 2023. Mota iliyoungua aghalabu husukwa upya waya badala ya kubadilishwa, na ikisukwa vibaya hupoteza ufanisi. Mafunzo ya mafundi wa kusuka mota ni sera ya nishati, hata kama hakuna waziri atakayekata utepe.

Kifaa kilichozimwa kwa rimoti kinakula umeme?

Ndiyo. Kile kitaa chekundu ni ishara kwamba kifaa kinasubiri, na kusubiri kunagharimu. Wati 10 tu zikisubiri mwaka mzima ni uniti 88 hivi. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza umeme wa kusubiri usizidi wati moja, na Ulaya ikaligeuza pendekezo hilo kuwa sheria kuanzia mwaka 2010, kisha nusu wati mwaka 2013 kwa vifaa visivyo na kioo cha kuonyesha saa au maelezo. Mabadiliko ndani ya kifaa yalikuwa ya sehemu ndogo tu za umeme. Hakuna mnunuzi ambaye angeuliza jambo hilo dukani, na ndiyo maana halikuweza kuachiwa mnunuzi.

Viyoyozi vina tatizo gani la pekee?

Vina matatu. Kwanza, upozaji hewa, feni zikiwemo, tayari unatumia karibu sehemu ya kumi ya umeme wa dunia, na sehemu kubwa ya wanaoishi kwenye joto bado hawana kiyoyozi. Pili, vyote huwashwa saa zilezile, kwa hiyo nchi hujenga mitambo ya umeme kwa ajili ya saa chache za mchana mkali. Tatu ni gesi iliyo ndani. R-410A, iliyotumika kwa miaka mingi, ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. R-32 ni karibu mara 675, na propani, inayoitwa R-290, haifiki 10.

Makubaliano yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal (mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni), yanapunguza gesi hizo hatua kwa hatua. Busara ni kubadili gesi na kukaza kiwango cha ufanisi kwa wakati mmoja, kwani kiwanda kinachofumua mtambo wake kwa ajili ya gesi mpya kinaweza kuboresha na mengine papo hapo.

Umeme wetu unatokana na maji na jua. Kuna haja gani?

Mitambo ya maji na paneli za jua havijengwi bure, na jua halipo saa mbili usiku. Kwa anayejitegemea kwa paneli ndogo, haja ni kubwa zaidi. Feni ya dari ya kawaida hula wati 75 hivi. Yenye mota isiyo na brashi hupepea vilevile kwa wati 30 au 35. Kwa paneli na betri zilezile anaendesha feni mbili badala ya moja. Kwake kifaa bora ndicho kinachoamua kama umeme wa jua unamtosha.

Serikali kununua tu kunaweza kubadili soko?

Mwaka 1992 wakala wa mazingira wa Marekani ulianzisha alama ya Energy Star, ukianza na kompyuta na skrini zinazojilaza zisipotumika. Ilikuwa ya hiari. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton aliagiza idara za serikali kuu zinunue kompyuta zenye alama hiyo. Hakuna kiwanda kilicholazimishwa chochote, ila hakuna kiwanda kilichotaka kumkosa mteja mkubwa kiasi hicho.

Niko dukani sasa hivi. Nitazame nini?

Acha nyota kwanza, tafuta uniti kwa mwaka. Chukua kifaa cha ukubwa unaouhitaji, si unaoutamani. Toa uniti za kifaa bora kwenye uniti za kifaa rahisi, zidisha kwa bei unayolipia uniti moja, kisha zidisha kwa miaka kumi. Ukipata zaidi ya tofauti ya bei iliyoandikwa rafuni, nunua kile cha ghali. Kama muuzaji hana kibandiko wala hajui namba hiyo, mwulize kwa sauti, wateja wengine wasikie.